Sheria za Dunia za Kuzuia Uvuvi wa Kupita Kiasi Humkamata Nani? Maswali Tunayoulizwa Mialoni Uganda

Nimezaliwa Butiaba, kando ya Ziwa Albert, mahali ambapo Kiswahili ndicho kinachotukutanisha na Wakongo wanaovuka na samaki wao. Siku hizi nanunua mukene, yaani dagaa, Jinja na kuwauzia wachuuzi wa bara. Maswali yaliyo hapa nimeulizwa mialoni, yaani pale mitumbwi inaposhushia samaki, na wavuvi, na wake zao, na vijana waliosoma, na mara moja na mzee mmoja aliyetaka kujua kama "mkataba" ni mtu au ni kitu. Kila mtu ananiuliza kwa sababu nimekuwa nikisema wazi kwamba siamini sheria hizi zinalinda samaki kama zinavyosema. Najibu kwa kirefu pale ninapoona pana haja.

Sheria za kimataifa zenyewe ni zipi?

Mama yao ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ulioanza kutumika 1994. Mwaka 1995 yakaja makubaliano ya samaki wanaohama kutoka maji ya nchi moja kwenda nyingine. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilisimamia mkataba wa bandari, ambao unazitaka nchi kuzikatalia meli zenye samaki wa wizi zisishushe mzigo; huo ulianza kazi Juni 2016. Shirika la Biashara Duniani lilipitisha makubaliano ya ruzuku za uvuvi Juni 2022, na yakaanza kutumika Septemba 2025. Mkataba wa bahari kuu ulipitishwa mwaka 2023.

Karatasi zipo za kutosha. Sasa tazama samaki wenyewe. FAO walipopima mwaka 1974, kundi moja kati ya kila makundi kumi ya samaki wa baharini lilikuwa linavuliwa kupita uwezo wake wa kuzaana. Kufikia 2021 yalikuwa zaidi ya matatu na nusu kati ya kumi. Mikataba iliongezeka na samaki wakapungua katika miaka ileile. Shaka yangu ilianzia kwenye hesabu hiyo.

Kwa nini mikataba haifanyi kazi baharini?

Kwa sababu meli ikiwa bahari kuu, serikali yenye mamlaka juu yake ni ile ya bendera inayopeperusha. Mwenye meli anaweza kuchagua bendera kama mtu anavyochagua shati. Hata Mongolia, ambayo haina pwani kama sisi, husajili meli. Nchi iliyouza bendera inapokea ada, haina doria wala hamu ya kufuatilia.

Kuna meli moja iliyoitwa Thunder, iliyokuwa inavua kwa wizi katika bahari za kusini karibu na barafu. Ilitafutwa kwa miaka mingi. Mwishowe hakuna dola iliyoifukuza. Waliofanya kazi hiyo ni watu wa shirika binafsi, Sea Shepherd, walioifuata nyuma siku 110 mfululizo hadi ikazama karibu na São Tomé mwezi wa Aprili 2015. Fikiria polisi wote wa dunia wamekaa, na mwizi anafukuzwa na majirani waliojichangia mafuta.

Kisha kuna mlango wa kutokea. Katika tume nyingi za samaki, nchi isiyopenda uamuzi huandika barua ya pingamizi, na uamuzi ule haumfungi tena. Mwaka 2023 tume ya jodari ya Bahari ya Hindi, ikikutana Mombasa, ilipitisha kufunga kwa muda matumizi ya vile vyombo vinavyoelea ambavyo meli kubwa hutumia kuwakusanya samaki, pamoja na wachanga. Umoja wa Ulaya uliandika pingamizi, na nchi nyingine kadhaa vilevile.

Uganda haina bahari. Haya yanatuhusu nini?

Uganda iliridhia Mkataba wa Sheria ya Bahari mwaka 1990, na kifungu cha 69 kinazipa nchi zisizo na pwani haki ya kupata sehemu ya samaki wa ziada katika maji ya majirani. Sijawahi kukutana na Mganda aliyeila haki hiyo.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba mikataba ile haifiki ziwani. Makubaliano ya ruzuku yanasema waziwazi kwamba yanahusu uvuvi wa baharini. Mkataba wa bandari umetungwa kwa ajili ya meli zinazotia nanga kutoka baharini. Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, lina wavuvi zaidi ya laki mbili, linalisha nchi tatu, na kwa macho ya sheria hizo ni kama dimbwi la nyuma ya nyumba. Kwa hiyo mtu akikuambia kwenye mialo yetu ya Masese au Ggaba kwamba unakamatwa "kwa sababu ya sheria za dunia", muulize ni sheria ipi.

Lakini nasikia Ulaya hutoa kadi ya njano na nyekundu kama refa. Hiyo si inatisha?

Inatisha, na nakubali kwamba imefanya kazi mahali fulani. Tangu mwaka 2010 Ulaya inadai cheti kinachoonyesha samaki kavuliwa wapi na meli gani. Thailand ilipewa kadi ya njano, yaani onyo, 2015, ikabadilisha sheria zake na ukaguzi wa meli zake, na kadi ikaondolewa Januari 2019. Cameroon ilipewa nyekundu, yaani kufungiwa soko, mwaka 2023. Anayeuza huogopa kupoteza mnunuzi kuliko anavyoogopa hotuba.

Ila soma kiambatisho cha kanuni ile: samaki wa maji baridi wameondolewa. Minofu ya sangara, yaani mputa wetu, inaingia Ulaya bila cheti hicho. Ulaya inauliza kama minofu ni safi, imekaa kwenye barafu, kiwanda kinaoshwa. Haiulizi kama yule samaki alikuwa na sentimita 50 au 30 alipovuliwa.

Basi mwaka 1999 ilikuwaje? Si Ulaya walikataa samaki wetu na kila mtu akanyooka?

Wazee wanaukumbuka mwaka ule vizuri, na vijana wameusikia kwa kusimuliwa. Ulianza mapema: 1997 samaki wetu walikataliwa kwa bakteria, halafu ikaja hofu ya kipindupindu. Mwanzoni mwa 1999 ikajulikana kwamba baadhi ya watu wanamwaga sumu majini ili kuvua haraka. Serikali ya Uganda ikasimamisha mauzo yenyewe, na Ulaya ikafunga mlango. Viwanda vikasimama. Mputa akauzwa kwa bei ya kutupa, akina mama waliokuwa wakikaanga mifupa na vichwa wakakosa kazi, madereva wa magari ya barafu wakarudi vijijini. Uganda haikurudi sawasawa kwenye soko lile hadi mwaka 2000.

Sheria ya mnunuzi ilifanya kwa miezi michache kile ambacho mikutano haikufanya kwa miaka. Mialo ilijengewa sakafu, viwanda vikapata maabara, wakaguzi wakafundishwa. Sumu ikawa aibu, na hadi leo mvuvi wa sumu hana rafiki mwaloni. Hilo ni jema na silikatai.

Lakini adhabu ile ilikuwa ya kulinda tumbo la mlaji wa Ulaya. Mnunuzi aliporidhika na usafi, viwanda vilifunguliwa tena na samaki wakavuliwa kwa kasi ileile. Tunajua basi kwamba nguvu ipo, na imewahi kutumika. Haijawahi kutumika kwa ajili ya samaki mchanga.

Si kuna shirika la ziwa lenye makao hapahapa Jinja? Kwa nini wasikamate?

Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, LVFO, lilianzishwa kwa mkataba uliotiwa saini Kisumu tarehe 30 Juni 1994 na Kenya, Tanzania na Uganda. Makao yake ni Jinja, na leo ni chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nawaheshimu wanasayansi wake. Wanahesabu mitumbwi na wanapima wingi wa samaki kwa mashine za mawimbi ya sauti. Bila wao tungekuwa tunabishana gizani.

Kukamata hawawezi. Hawana mahakama, hawana boti ya doria yenye amri juu ya mtu yeyote. Wanakaa mawaziri, wanakubaliana, kila mmoja anarudi kwao kutekeleza kwa sheria zake na kwa pesa zake, ikiwa zipo. Matokeo yake mvuvi mwenye wavu mmoja anaweza kuwa mhalifu upande mmoja wa mstari na raia mwema upande wa pili, na mstari wenyewe haujachorwa majini. Uganda imekuwa ikidai wavu wa mputa uwe na macho ya inchi 7, na majirani hawakuwa na kipimo hicho hicho. Sangara hana pasipoti. Anazaliwa Majanji upande wa Uganda, anakulia upande wa Kenya, na atakayemvua ni yule mwenye wavu mdogo zaidi.

Na mnakumbuka Migingo. Kisiwa kidogo kuliko kiwanja cha mpira, mabati yamebanana hadi ukingoni, na kwa miaka Kenya na Uganda zimevutana juu yake. Askari na watoza ushuru walifika haraka kwa sababu pale palikuwa na mputa wa kuuza. Ningetamani kuona haraka kama hiyo kwenye kulinda mazalia ya samaki.

Jeshi lilipoingia ziwani mwaka 2017, samaki waliongezeka au hawakuongezeka?

Swali hili ndilo linalogawa watu kuliko yote, hata ndani ya familia moja.

Kwanza historia. Tangu 2003 kila mwalo ulikuwa na kamati yake ya usimamizi, BMU, yenye wenye mitumbwi, vibarua, wachuuzi na wanawake. Kamati nyingine zilikuwa nzuri. Nyingine zilikula rushwa, tena kwa watu wanaowajua kwa majina. Mwaka 2015 Rais Museveni alizisimamisha. Mwaka 2017 kikosi cha jeshi cha kulinda uvuvi kikaingia kazini. Mitumbwi isiyofika futi 28 ilichomwa, nyavu zikachomwa, watu wakafungwa.

Wenye viwanda walisema samaki wakubwa wamerudi, na wavuvi wenye mitaji, wenye mitumbwi mirefu na injini, walisema vivyo hivyo. Nimesikia wanaume wa heshima, watu wasiosema uongo, wakisema hawajapata kuona mputa wa ukubwa ule tangu ujana wao. Nawaamini.

Nawaamini pia wajane wa mialo. Mtumbwi wa futi 28 na nyavu halali na injini ni pesa ambayo familia nyingi haitaiona maishani. Aliyekuwa na kamtumbwi ka futi 20 ka kuvulia ngege (tilapia) wa chakula cha jioni alitolewa ziwani pamoja na yule aliyekuwa anakokota nyavu za makokoro kwenye mazalia, kana kwamba dhambi yao ni moja. Malalamiko ya vipigo na ya watu kufa majini yalifika hadi Bungeni. Kulinda samaki hakuhitaji kumvunja mtu mkono.

Nikiulizwa mizani yangu nasema hivi: samaki waliorudi walirudi kwa sababu ya hofu, na hofu huhitaji kulipiwa kila siku. Siku boti ya doria inapokosa mafuta, wavu wa inchi 3 unashuka majini usiku huohuo. Mvuvi mwenyewe hakuulizwa, na kamati iliyopaswa kumkemea jirani yake ilikuwa imeondolewa.

Nyavu haramu zinatoka wapi?

Hazioti majini kama magugu maji. Zinakuja nchini kwa makontena, zinapita forodhani, zinalipiwa ushuru, zinawekwa dukani.

Kaka yangu alinunua wavu wa nailoni wa uzi mmoja katika duka moja mjini, mchana kweupe, akapewa risiti. Baada ya wiki tatu akanyang'anywa ziwani na kulipishwa faini. Alionyesha risiti. Akaambiwa risiti si leseni. Mwenye duka hakuguswa, na nilipopita mwezi uliofuata nyavu zilikuwa bado zimetundikwa mlangoni. Kama kuna swali moja ningependa kila mbunge wa jimbo la ziwa aulizwe, ni kwa nini tunawasaka watu laki mbili majini badala ya waagizaji wachache wanaopita kwenye lango lenye karani na kompyuta.

Mabondo yana uhusiano gani na haya yote?

Mkubwa mno. Bondo ni lile pafu la hewa tumboni mwa sangara, linalokaushwa na kupelekwa Hong Kong na China. Kwa uzito lina bei kubwa kuliko minofu, na kadiri samaki anavyokuwa mkubwa ndivyo bondo linavyopanda. Sasa angalia: kwa miaka mingi kanuni ilisema mputa avuliwe akiwa kati ya sentimita 50 na 85, ili wadogo wakue na mama wakubwa wabaki kuzaa. Soko la bondo linamlipa mvuvi zaidi kwa mama mkubwa. Soko la mialoni na la mipakani, lile la samaki wa chumvi na wa moshi, linamnunua mdogo. Kanuni ikasimama katikati, na pesa ziko pande zote mbili.

Mjomba wangu anavua Ziwa Edward na Wakongo wamemkamata. Ni sheria gani inatumika?

Ya mahali alipokamatwa, na ugomvi wote uko hapo, maana hakuna boya wala bendera majini. Upande wa Uganda, pale Katwe, Kayanja na Rwenshama, idadi ya mitumbwi yenye leseni imewekewa kikomo kwa miongo mingi. Upande wa Kongo, Vitshumbi na Kyavinyonge, vita vimejaza watu na mitumbwi kando ya maji. Mvuvi wetu anaona samaki wanapungua kwake, anavuka. Julai 2018 wanamaji wa nchi zote mbili walirushiana risasi na watu wakafa. Oktoba mwaka huohuo serikali mbili zikatia saini makubaliano ya kusimamia pamoja uvuvi wa Edward na Albert.

Baada ya saini, watu wameendelea kukamatwa na familia kuchangishana pesa za kuwakomboa. Sisi wa Albert tunaijua safari hiyo: mama anauza mbuzi, anapanda boti, anakwenda kuomba kwa Kiswahili. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kwa hiyo maziwa yale sasa yako kati ya wanachama wawili wa nyumba moja. Ndugu wa nyumba moja hawapaswi kutekana kwa ajili ya tilapia.

Samaki wanapungua kwa uvuvi tu?

Hapana. Maji machafu ya miji, mbolea, mazalia yaliyofukiwa, magugu maji. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 mputa walielea wamekufa kwa wingi upande wetu na Kenya, na wataalamu wakasema maji yalikosa hewa. Na mputa mwenyewe aliletwa Victoria na Waingereza katika miaka ya 1950 na 1960, mbegu nyingine ikitoka kwetu Albert, akawamaliza furu wa aina mamia, wale tunaowaita nkejje. Hakuna mvuvi wa mtumbwi aliyesababisha hayo.

Kwa hiyo mnatetea uvuvi haramu?

Hapana kabisa. Anayevuta kokoro kwenye mazalia anamwibia mwanangu, na nimemwambia hivyo usoni zaidi ya mmoja. Ninachokataa ni kuambiwa sheria inafanya kazi kwa sababu moshi wa nyavu umeonekana kwenye televisheni.

Kuna mahali mmeona sheria ya pamoja ikifanya kazi?

Tazameni Ziwa Tanganyika. Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilikubaliana kufunga uvuvi miezi mitatu kila mwaka, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, wakati ambao samaki wanazaliana. Tanzania iliufunga upande wake mwaka 2024. Kulikuwa na manung'uniko na njaa katika baadhi ya nyumba, wala sitaki kuyapuuza. Ila kalenda kila mtu anaielewa. Haihitaji rula wala kubishana juu ya jicho la wavu, na mtumbwi ukionekana majini mwezi wa Juni, kila aliyeko ufukoni anajua ni wa mwizi. Mwenye injini na mwenye kasia wanapumzika pamoja.

Kwa Victoria ningeanza na kitu cha aina hiyo, mazalia yaliyotajwa kwa majina na kufungwa kwa tarehe moja kwenye pwani zote tatu, pamoja na kamati za mialo zilizochaguliwa upya kwa kura na hesabu zao kubandikwa ukutani.

Nikionewa, nina pa kwenda zaidi ya Uganda?

Upo mlango mmoja ambao wavuvi wengi hawaujui. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kifungu cha 30, unamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kupeleka shauri katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, kupinga sheria au kitendo cha serikali kinachokiuka mkataba huo. Lazima shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu kitendo kitokee, au tangu ulipokijua. Miezi miwili ni michache kwa mtu ambaye kwanza anatafuta nauli ya kumtoa mumewe rumande.

Kwa hiyo siku ileile andika: tarehe, saa, jina la mwalo, namba ya boti iliyokuja, vitu vilivyochukuliwa na thamani yake, majina ya waliokuwapo. Piga picha mtumbwi wako na leseni yako leo, kabla ya lolote kutokea, na mtumie mtoto wako aliye mjini azihifadhi. Omba risiti ya faini hata kama watakukaripia. Wakili wa msaada wa kisheria hawezi kusimama na neno "walikuja asubuhi wakachukua kila kitu", lakini daftari la kurasa kumi lililoandikwa kwa penseli anaweza kusimama nalo mbele ya majaji.